Mbuzi wa Chifu

Jumatatu, 6 Machi 1967

Nimetengeneza tairi mbili leo, na mnyororo wa baiskeli ya mwalimu. Bega linauma kwa sababu ya kodiani. Tangu harusi ya Jumamosi pale Ruring'u, Nyaguthii hasemi nami. Mke wangu huyu akikasirika anaweka chakula na kugeuka. Ndiyo maana naandika, tena kwa Kiswahili nilichofunzwa jeshini, kwa kuwa yeye hakisomi.

Nilikosea. Kwenye mwomboko, mpiga kodiani huwatazama walio mbele yake akawaimba, huyu kwa sifa, yule kwa kumchoma kidogo. Hatua mbili, watu wanainama kwa magoti, halafu wote wanarudia mstari wa mwisho. Ndiyo ngoma yetu na hakuna anayenuna. Lakini nilimwona kijana wa chifu akicheza na koti jipya, nikakumbuka siku ya kuwaaga makuruti. Chifu alitoa mbuzi wa karamu. Mwanawe akabaki nyumbani. Mwanangu Wachira akapelekwa kaskazini kupigana na mashifta, wale waasi wa mpakani. Mdomo ukafunguka wenyewe:

Nyumba ya mabati ilitoa mbuzi,
nyumba ya nyasi ikatoa mtoto.

Wakarudia wote. Hata kijana wa chifu alirudia, akicheka, kabla hajaelewa.

Jumatano, 8 Machi

Wanawake wa sokoni wanauimba wakichagua maharagwe. Maina, anayegonga pete ya chuma kando yangu ngomani, anasema wimbo umeshafika Kangema. Anafurahi kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa. Mimi sifurahi.

Vitani kule Burma tuliimba mabaya zaidi. Bunduki zilikuwa sawa, matope yalikuwa yale yale, lakini mshahara wa mzungu ulikuwa mwingine na buti zake nyingine. Vita vikaisha, wao wakapewa mashamba huko Nanyuki, mimi nikapewa koti. Tuliyaimba hayo yote mbele ya afande, naye akapiga makofi. Hakujua Kikuyu.

Chifu anajua Kikuyu.

Ijumaa, 10 Machi

Mtu wa koti la kijivu alikuja kibandani kwangu Majengo na baiskeli isiyo na ubovu. Nikazungusha gurudumu, nikamwambia haina kitu. Akasema nitazame tena. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akatazama barabara.

"Mzee, kijana yako ako Wajir, sio?"

Sikujua ni Wajir. Hata mamake hajui. Mtu huyu alijua. Alinilipa kwa kazi ambayo sikufanya, akaenda zake akisukuma baiskeli nzima kwa mkono.

Naogopa. Burma niliogopea ngozi yangu mwenyewe tu, na sasa naona ile hofu ilikuwa nyepesi.

Jumapili, 12 Machi

Kanisani benchi lilikuwa letu peke yetu. Maina amekwenda kwa dadake Karatina, ati dada anaumwa. Hata hakuja kuniaga.

Nyaguthii amesema hatimaye. Niende kwa chifu nikaombe msamaha. Wachira akifa, yeye hatauliza ni nani aliyempiga risasi, atasema ni wimbo wangu.

Jumatatu, 13 Machi

Chifu alinipa chai. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akauliza habari za kazi, akacheka kidogo kuhusu harusi. Jumamosi makuruti wengine wanaagwa katika uwanja wa Ruring'u, wakubwa watakuwepo, na yeye anataka mwomboko.

"Fundi, ile wimbo ya mbuzi utaimba. Lakini sasa utaimba vizuri."

Nilipofika mlangoni akaongeza, taratibu kabisa, kwamba ana rafiki mkubwa jeshini. Kijana wangu anaweza kusaidiwa ahamishiwe stoo ya jeshi Nairobi. Ama asisaidiwe.

Nikasema asante. Nikasema tena. Njia nzima nilijichukia kwa hizo asante, na nikirudishwa pale leo nitazisema tena.

Alhamisi, 16 Machi

Nimetunga. Chifu alitoa mbuzi, na sisi tukashiba. Takataka. Naiimba nikipiga pampu ili iingie kichwani. Nyaguthii anasikia, anaitikia kwa kichwa. Amepika chapati. Sikuweza kula.

Jumamosi, 18 Machi

Yameniharibikia.

Makuruti walipangwa mstari, wamenyolewa, shingo nyembamba. Nikawatafuta wana wa nyumba za mabati. Sikuona. Kijana wa chifu alikuwa akigawa soda.

Maina alirudi, macho chini. Tukaanza. Hatua mbili, magoti. Nikaimba ile shukrani, neno kwa neno, nikimtazama chifu ili aone. Nikafika mwisho, nikawaachia wachezaji mstari wao. Mama za makuruti hawakurudia nilichoimba. Walirudia ule wa zamani. Nyumba ya nyasi ikatoa mtoto. Hawakupiga kelele. Waliimba kama watu wa kanisani.

Chifu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

Nikaendelea kupiga, maana kunyamaza ni kukiri. Kila nilipofika mwisho wakaurudia. Suruali ilinilowa, nikaomba Mungu liwe jasho tu. Watu watasema nilikuwa shujaa. Nilitaka wanyamaze, wote, hata kwa viboko.

Jumanne, 21 Machi

Hakuna aliyekuja kunikamata. Nasikia kila baiskeli inayosimama. Koti la kijivu lilipita upande wa pili wa barabara, halikugeuka. Nyaguthii ameacha tena kusema nami.

Ijumaa, 31 Machi

Bado. Ningependa waje wanichukue mimi, yaishe.

Jumapili, 4 Juni

Wachira amerudi. Alishuka stendi na fimbo. Lori lao lilikanyaga bomu barabarani. Goti la kulia limekauka, halikunjiki. Jeshi limemwachilia.

Sikumwuliza aliumia siku gani, kabla ya ile Jumamosi ya ngoma au baada yake, wala alikuwa wapi kabla hawajampandisha kwenye lori hilo. Naogopa jibu. Nyaguthii pia hakuuliza. Alimwosha miguu.

Wimbo aliusikia hospitalini, kwa askari wa Othaya. Hakujua ni wangu mpaka nilipomwambia. Akasugua goti.

"Baba, mimi sikutolewa. Nilikimbia pale Ruring'u siku ya usajili, nikashinda wengine, wakanichukua."

Baadaye akasema, lakini ni kweli, yule kijana wa chifu hakukimbia.

Alasiri akaomba kodiani. Nikapiga bila maneno, mlango umefungwa. Akamshika mamake mkono, wakaanza, hatua mbili. Nyaguthii akainama. Wachira akabaki wima, mguu umenyooka, akimtazama mamake kule chini. Nikarudi mwanzo wa wimbo, na mara hii mahali pa magoti nikaparuka. Nikaparuka kila mara, mpaka wakachoka.

Kesho kuna baiskeli ya mwalimu. Breki.