Matundu ya Faiba na Gundi ya Karisa

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Huku Malindi tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, na dada yako kajifungua salama kule Kakuyuni.

Umeniuliza kwa nini faiba mnayotoboa chuoni inabanduka, na kama aliyewauzia ni mdanganyifu. Mimi pia niliwahi kushuku hivyo. Ujanani tukigandisha matabaka ya nyuzi za kioo kwa gundi kuunda mashua za faiba Kilifi, kila tundu langu lilibanduka matabaka upande wa pili. Nikaamini Karisa, mchanganyaji wetu wa gundi, anaizimua na kuiba inayobaki. Nikamvizia siku nyingi, mwishowe nikamshtaki kwa fundi mkuu.

Karisa akaniambia mbele ya fundi huyo, "Toboa nikuone."

Nikaikandamiza keekee kwa nguvu zangu zote, faiba ikapasuka nyuma. Karisa akauegemeza mgongo wa kipande kilekile cha faiba kwenye ubao, akasukuma keekee taratibu, na mwishoni taratibu zaidi. Tundu likatoka safi.

"Gundi ni ileile," akasema.

Jaribu hivyo kabla hujamwendea muuzaji. Tangu siku ile, kila akichanganya gundi, Karisa aliniita nishuhudie vipimo. Hakunitukana hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Babu yako,
Athumani