Makadirio ya Kutoka Nje ya Ukuta

Jumatatu, 5 Mei
Picha za setilaiti asubuhi nzima. Kiwanda kile kile cha chipu za kompyuta, ng'ambo, ambacho sijawahi kukanyaga. Nimepima paa jipya. Nimehesabu matangi ya maji na magari ya wafanyakazi. Nimesoma matangazo yao ya kazi. Kutokana na hayo natakiwa niseme kinaweza kutoa chipu ngapi kwa mwezi. Baridi ya hapa Milanzi imeniingia vidoleni. Chai mara tatu.

Jumanne, 6 Mei
Rehema amepiga simu kutoka Dar. Ndiye anayenipa kazi hizi. Mteja ni kampuni changa inayounda mita za maji; bila chipu hizo haina mita. Wakiamini kiwanda kitawatosheleza, hawatatafuta kwingine. Mafundi wameshaajiriwa.
"Adelina, wanataka namba moja," amesema. "Siyo kati ya hapa na pale."
Nimemwambia nitajaribu. Nimejichukia kidogo.

Alhamisi, 8 Mei
Namba ninayo. Inapendeza. Siiamini. Nimeiegemeza kwenye ripoti za wengine, na kila ninayemsoma amemnukuu mwingine, na wa kwanza kabisa hakusema aliipata wapi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimejipima. Nimekwenda mtaa wa Kizwite kwenye mashine ya unga ya Mjomba Kasian, nikakaa upande wa pili wa barabara bila kuingia. Tangu anafungua hadi saa kumi. Nimesikia mota mbili. Nimeangalia gunia moja linachukua muda gani, nikazidisha kwa mbili, nikaandika. Kisha nikaingia.
"Shikamoo mjomba."
"Marahaba. Mbona ulikaa kule kama mgambo?"
Nimemwonyesha namba yangu. Amecheka mpaka akakalia gunia. Mota moja ni ya kukoboa, nyingine ya kusaga. Mahindi ni yale yale, yanapita kote kuwili. Mimi nimeyahesabu mara mbili. Na mengine aliyarudisha kwa wenyewe, hayajakauka.
"Ungeuliza tu," amesema.
Nimekula unga wa mashine hiyo tangu utoto. Bado namba yangu imezidi ya kweli zaidi ya mara mbili. Kwenye kiwanda cha chipu, kisahani kimoja cha silikoni, kinachokatwa kuwa chipu, hupita mashine zile zile mara nyingi sana, na chipu zinazoharibika hakuna anayezitangaza. Huko siwezi kuuliza.

Jumapili, 11 Mei
Misa. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria ripoti zangu zote za nyuma. Aibu.

Jumatatu, 12 Mei
Nimetuma. Kiwango cha chini, kiwango cha juu, na pengo kubwa katikati. Ukurasa mzima wa nisiyoyajua. Nimewashauri wasitegemee kiwanda kimoja. Jioni ujumbe wa Rehema: "Umeniweka pabaya."

Ijumaa, 16 Mei
Mteja amechukua makadirio ya mtu mwingine. Namba moja. Mimi nimeondolewa kwenye kazi inayofuata. Nimelia. Kisha nimefua.

Jumatano, 20 Agosti
Kiwanda chenyewe kimetangaza idadi ya chipu kilizotoa. Namba ya yule mwingine iko juu mno. Mita hazitatoka mwaka huu, mafundi wameanza kupunguzwa. Nawaonea huruma. Ukweli umeangukia ndani ya mipaka yangu, pembeni kabisa, kwa chini.
Rehema amepiga. "Ulijua."
Nimemwambia sikujua. Kiwanda kinasema mashine zao mpya zilichelewa kufungwa. Mimi nilidhani zinafanya kazi. Hilo halikuwa hata kwenye ukurasa wa nisiyoyajua. Nimepatia kwa bahati.
Ameniomba nimwandikie hayo, jinsi yalivyo.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimemwandikia. Mistari minne. Mchana ametuma picha za kiwanda kingine, bila maneno mengi. Kabla ya kuhesabu chochote nimegawa ukurasa kwa mstari. Ninachokiona, kushoto. Nisichokiona, kulia. Nimeanza na upande wa kulia. Upepo umetulia. Sijafika hata nusu, na sina haraka.