Niliwaitikia "Ee" Wageni wa Bugeshi, Sasa Wanamchukua Binti Yangu

Shangazi Nasrine mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimekubali jambo na sijui ni jambo gani. Mimi ni mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, hapa Mbugangari, Gisenyi, nimekulia Kigoma, nina binti mmoja tu, Uwera, anayesuka nywele saluni, na nyuma ya nyumba yangu wamepanga wale wageni walioshuka kutoka angani na chombo chao kwenye shamba la viazi kule Bugeshi, wale ambao wote mnawajua kwa hiyo sitawaeleza, ila niseme tu kwamba ni wapangaji safi na hawana kelele.

Mambo yalianzia kwenye salamu. Unatujua sisi wachuuzi wa mpakani, mteja akija unamsalimu kwa lugha yake, Kimashi, Kilingala, Kifaransa, halafu mnapatana bei kwa vidole na hakuna anayedhani unajua zaidi ya hapo, basi na hawa nikajifunza salamu yao, unashika shingo na kuvuma kidogo puani, wakafurahi mno wakaanza kunieleza mambo yao marefu, na mimi nimelelewa kwamba mgeni haachwi aongee peke yake, nikawa naitikia ee, kumbe, pole, ndivyo ilivyo, mpaka wakaamini lugha yao naijua yote. Majirani nao wakaamini. Kwenye mkutano wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, nikaitwa kutafsiri, mkubwa wao akavuma mpaka watu wakasinzia, mimi nikasema, "Wanashukuru kwa mapokezi." Nikapigiwa makofi, na baada ya makofi ningesemaje tena kwamba sijui?

Na kusema kweli nimewazoea. Jioni nikitoka sokoni wanakuja kukaa nami uani wakati naosha beseni, wao wanavuma ya kwao, mimi nasema ya kwangu kwa Kiswahili, yale nisiyoweza kumwambia mtu, kwa sababu hawa hata wakisikia hawaelewi. Hasa habari za Vénuste, kijana wa pikipiki anayetaka kumuoa Uwera, mimi simpendi, na kila jioni nimesema laiti angetokea mtu akampeleka mtoto huyu mbali, mahali ambapo pikipiki ya Vénuste haifiki. Wananisikiliza kuliko marehemu mume wangu alivyonisikiliza. Tena wana roho nzuri, juzi nililalamika bati linavuja, asubuhi nikakuta limezibwa, na niliposema mgongo unaniuma niliwakuta mlangoni wananingoja wanibebee beseni.

Sasa Jumapili walikuja wote, wameoga, na mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi, wakauweka miguuni pangu. Jirani yangu Munyaneza, ambaye ndiye msemaji wa harusi zote za mtaa wetu, alichungulia akaniambia, "Mama Uwera, mi nimeongea kwa mandoa mingi, hii iko dote, mahari kabisa. Walikuya kuomba mutoto, donc we jibu vizuri." Mkubwa wao akavuma, akamwonyesha Uwera, akaonyesha juu, akamwonyesha Uwera tena, kisha wote wakanitazama kimya, na mimi kimya sikiwezi, nikasema, "Ee, sawa kabisa." Wakanywa. Jumatatu walikuja na kamba wakampima Uwera urefu, yeye akadhani ni mambo ya kushona nguo, lakini nimeona wanatengeneza kiti. Jumamosi wanaondoka. Uwera ananiuliza, "Mama, ulikubali nini?" nami namjibu nitamweleza kesho. Shangazi, sina mtoto mwingine. Nimefanya nini?

Mama Uwera, Mbugangari

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Uwera, pole sana. Mtoto mmoja ni mtoto mmoja, na ningekuwa wewe nisingepata usingizi. Lakini sasa niache nikugombeze, maana haya umeyataka.

Munyaneza amekupotosha. Mtu aliyezoea harusi kila akiona mtungi anaona harusi. Hakuna anayemuoa Uwera. Unaniuliza ulikubali nini Jumapili. Mimi nakuuliza uliomba nini jioni zote zile. Uliwaambia bati linavuja, likazibwa. Uliwaambia mgongo unauma, beseni likabebwa. Uliwaambia unatafuta mtu wa kumpeleka binti yako mahali ambapo pikipiki haifiki, na wao, mama, wana chombo. Walikuja na pombe kukuambia kwamba ombi lako limekubaliwa, nawe ukajibu sawa kabisa.

Wao walidhani anayesalimia kwa lugha yao anaijua lugha yao. Hawajakulia mpakani, nawasamehe. Wewe je? Watu wamepanga nyuma ya jiko lako, wananunua sambaza zako, wanasikia redio yako, na bado ukadhani Kiswahili hakiwaingii! Waliovuka anga lote lile, Kiswahili kingewashindaje? Ndiyo tabia yetu hapa Gisenyi, tunamteta mgeni mbele yake, akishuka kwenye basi anasema "asanteni, murabeho", na sisi tunatafuta pa kuficha uso.

Nenda leo, usingoje Jumamosi. Usishike shingo wala usivume. Waambie kwa Kiswahili: lugha yenu siijui, najua salamu tu, yale ya Vénuste yalikuwa hasira za mama, binti yangu haendi. Kisha nyamaza, na wakivuma usiitikie. Mtungi wao usiurudishe mtupu, tia chochote, maana wamekutendea wema kuliko ndugu wengi. Ukitoka hapo mfuate mkuu wa mudugudu umwambie atafute mtafsiri mwingine, kwa sababu siku ile ya mkutano huenda waliomba tu choo, na mpaka leo wanasubiri.

Halafu rudi nyumbani umkalishe Uwera. Ni mtu mzima, Vénuste ni wa kwake kumchagua au kumkataa, lakini ana haki ya kusikia unachofikiri kutoka kinywani mwako. Wapangaji wako wanajua. Mimi najua. Baada ya gazeti hili Rubavu nzima itajua. Ni yeye peke yake hujamwambia, na lugha yako anaielewa tangu alipozaliwa.