Picha Iliyoonyesha Goti

Tarehe 9 Machi, mwaka wa pili tangu niondoke.

Dada yangu mpendwa,

Salamu. Mvua imesimamisha kazi ya zege, tunalala tu kama paka. Ule uvimbe wa pajani niliosema ni wa kugongwa na toroli, sivyo. Nilipigwa MRI, picha ya ndani ya mwili, daktari akasema ni kitu kidogo, ataukata Alhamisi. Msimamizi wetu wa kazini akakataa, akanipeleka kwanza kwa daktari wa mifupa. Huyo akaitazama picha akafoka:

"Uvimbe uko pajani, wao wamepiga goti! Hii ni picha ya harusi isiyo na bibi harusi!"

Nikacheka mno. Tukarudia. Fundi wa mashine akabandika kidonge cha mafuta ya samaki juu ya uvimbe, maana mafuta hayo hung'aa kwenye picha na pale panajulikana, akapiga mfupa mzima.

Daktari wa mifupa hakutania tena. Ni saratani, imepanda ndani ya mfupa hadi karibu na nyonga. Mguu wote unaondolewa Jumatatu.

Dada, nimeduwaa. Juzi tu nilipanda ngazi na mfuko wa saruji kwa mguu huuhuu.

Mama mwambie wewe, mimi siwezi. Mungu akijalia, nitafika mwezi wa sita. Njoo stendi na mtu wa kunibebea mizigo.

Mdogo wako