Herufi Mbili za Kimalila

Jumatatu, 3 Machi
Mbeya. Siku ya nne narekebisha rasimu ya vigezo vya kamati yetu: herufi zipi ziruhusiwe kwenye majina ya tovuti, zipi zikataliwe. Kimalila, lugha ya huku kwetu Mbeya, kimenimaliza. Kina i na u zenye mstari katikati. Kompyuta ya bosi inazionyesha kama viboksi vitupu. Mwalimu Mwampashi wa Mbalizi, mstaafu, ana kamusi ya lugha yake tayari. Anangoja tovuti yenye jina lililoandikwa sawasawa. Nimemwahidi. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 6 Machi
Iringa, kikao cha kamati, ukumbi wa Mlandege. Nimefika saa mbili, nikasaini mahudhurio, nikanywa chai. Mwenyekiti kaja saa nne na nusu. Hoja yangu ikafikiwa baada ya chakula, watu wanasinzia. Mwenyekiti akanikatiza:

"Hizo za vijijini tuziweke kiporo, dada. Tusicheleweshe jambo la taifa."

Nikapinga. Nikapinga tena. Hakuna aliyeniunga mkono, hata yule jirani yangu aliyesema wakati wa chai kwamba nina hoja. Mnafiki. Lakini nilisema, na itaandikwa.

Jumatatu, 10 Machi
Waraka umekuja. Herufi mbili hazimo. Pingamizi langu halimo. Mwishoni wamebana ile karatasi ya mahudhurio, juu wamechapa: Wajumbe walioridhia. Sahihi yangu ya kwanza kabisa, kwa sababu niliwahi.

Nimempigia katibu. Kacheka. "Ndo tunavyofanyaga siku zote, dada. Ulidhani unasainia chai?"

Miaka tisa ya vikao. Sijawahi kuuliza karatasi ile inaenda wapi.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandika barua sahihi yangu ifutwe. Bosi anasema niache, nitajiharibia. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Jumamosi, 15 Machi
Mbalizi. Sikutaka asikie kwa wengine. Nimemkuta Mwalimu kibarazani, anamenya maharage mabichi. Nikamweleza yote, nikampa waraka. Akavaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho. Kidole kikasimama kwenye jina langu.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

"Mwanangu, mimi nilichapa watoto kwa kuongea Kimalila darasani. Kila adhabu nilisaini kitabuni. Wengine walikuwa wa kaka yangu."

Akanirudishia waraka, akanisogezea kigoda. Tumemenya maharage mpaka jioni.