Wafalme wa Lebo na Kuku wa Miguu Mitatu

Bibi Zuwena,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli ninayofanya kazi sasa, huku Al Rigga, katika mji ule ule wa Waarabu tuliokuwa tukikaa. Ni mapumziko ya mchana. Wenzangu wamejilaza kwenye chumba cha wafanyakazi, nami nimeomba karatasi pale mapokezi ili nikuandikie. Sijui barua hii nitaiweka wapi nikimaliza. Nitaliona hilo baadaye.

Nianze na nyumba, maana najua ndiyo ungeiulizia kwanza. Ile fleti ya Satwa, juu ya fundi cherehani, si yetu tena. Baada ya hitima mwanao Suleiman aliirudisha kwa mwenye jengo, akabeba kitanda chako na picha zako kwenda kwake Jumeirah Village Circle. Vyombo aligawa. Majirani walikuja kwa adabu. Mmoja alichukua birika, mwingine mkeka, na chupa za viungo zikaondoka zote. Kila aliyechukua chupa alifungua uzi shingoni, akaiacha lebo mezani, akaenda na chupa yake. Sikuwalaumu. Chupa ni chupa. Walipomaliza nilizikusanya lebo nikazitia ndani ya soksi, na hiyo soksi ninayo.

Ungekuwepo ungecheka. Ungesema, "Si nshakwambia? Ndivyo ilivyokuwa na kule Abido."

Nakumbuka siku tulipoanza kuzitengeneza. Macho yako yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ukatia bizari kwenye chai ya Suleiman, naye akainywa yote kwa heshima. Nikasema niandike majina kwenye chupa kwa kalamu nene. Ukanikatalia. "Kalamu hufutwa na mafuta. Leta hilo dumu la laban usilitupe." Ukanikatisha plastiki nyeupe ya hilo dumu la mtindi vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama ukucha wa dole gumba, ukanitobolesha tundu pembeni kwa sindano ya moto. Kisha ukachukua kisu cha matunda, ukakwaruza mwenyewe. Mdalasini ulichora mti. Pilipili ulichora nyoka. Ukapaka wanja wako juu ya kila kipande, ukaufuta kwa kidole, na wanja ukabaki ndani ya mikwaruzo tu.

"Ndivyo walivyofanya wenyewe," ukasema.

Nikauliza, kina nani?

"Wafalme, mwanangu. Wafalme wa mwanzo kabisa wa Misri, kabla ya hayo mapiramidi yaliyochorwa kwenye mabegi ya watalii."

Mimi nilidhani ni maneno ya uzee. Nilikuwa nimekuja kwako kupika na kukuogesha, sikujua kwamba ulikwenda Kairo kusoma ukiwa msichana kutoka Unguja, wala kwamba ulipokuwa mtu mzima ulikaa jangwani na wachimbaji, kazi yako kuchora kila kitu kidogo kilichotoka mchangani. Ulinieleza polepole, siku moja kipande hiki, siku nyingine kile, nikikusugua miguu. Kwamba huko Abido, ng'ambo ya mashamba, kuna mahali wenyeji wanapaita Mama wa Vyungu, kwa sababu vigae vimetapakaa hadi huoni mchanga. Kwamba chini yake wamelala wafalme wa kwanza. Na kwamba wezi walifika zamani sana, wakachukua dhahabu, wakachukua mafuta, makaburi mengine yakachomwa moto.

"Sasa mmewajuaje kama wezi wamebeba kila kitu?" nilikuuliza.

Ukanipiga kofi dogo la begani. "Hapo sasa! Mwizi hachukui lebo."

Ukaniambia lebo zenyewe zilikuwa za mfupa na za pembe ya ndovu, zina tundu la kamba, zilifungwa kwenye mizigo aliyozikwa nayo mkubwa fulani. Moja ina tembo juu ya mlima. Nyingine ina ndege. Na kwenye mitungi humo humo kaburini kumechorwa nge kwa wino, nge mmoja baada ya mwingine. Wengine wakasema basi huyo mfalme aliitwa Nge. Wengine wakasema hapana, Nge ni jina la shamba lililotoa hayo mafuta. "Na wewe unasemaje?" nikakuuliza. Ukasema, "Mimi nimechora tu. Nilichokiona ni hiki: mtu huyo hayupo, na kitu kilichofungwa kwa jina lake kilifika."

Tangu siku hiyo nikakuita Mfalme Nge, kwa sababu ya ulimi wako, nawe ukachora nge kwenye lebo ya bizari, ile chupa iliyotuponza.

Bibi, unajua kwa nini nakuandikia leo, lakini nataka niliseme kwa mpangilio nisije nikachanganya.

Mwanangu Riziki nilimwacha kwa mama yangu Muheza akiwa hajaota meno. Nilipokuja kwako alikuwa anatambaa. Kila Ijumaa nilikuwa nampigia simu ya video kutoka jikoni kwako, na kila Ijumaa alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia mtangazaji wa taarifa ya habari. Halafu akaanza kusema. Mama akamwambia, "Msalimie mama yako." Mtoto akamshika bibi yake shingoni akajibu, "Mama yupo hapa." Kisha akanigeukia kwa adabu zote: "Shikamoo anti."

Niliitikia marahaba nikakata simu, nikaendelea kukatakata vitunguu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti chako umesikia yote. Hukunipa pole. Ulisema, "Boksi lako la mzigo linaondoka lini?" Nikasema mwisho wa mwezi. Ukasema, "Yalla, leta dumu la laban."

Ukaniambia kila kitu kitakachoingia kwenye boksi lile kiwe na lebo, kiatu, sabuni, maziwa ya unga, hata kibanio cha nywele, na kwa sababu mtoto hajui kusoma, nichague mnyama mmoja nisimbadilishe. Nilichagua kuku, kwa sababu ndiye peke yake niliyeweza kumchora. Nilikwaruza nikakuletea. Ukaishika karibu na pua.

"Huyu kuku mbona ana miguu mitatu?"

"Ule ni mkia, Bibi."

"Mkia unakanyaga chini? Haya, ndio huyo huyo. Ukishaanza naye usimponye, atapotea."

Basi kila boksi lililoondoka liliondoka na kuku wa miguu mitatu. Mama yangu akanipigia baada ya lile la kwanza, sauti chini: "Asha, hivi vidude vyeupe vyenye kamba ni vya nini? Ni hirizi?" Nilicheka hadi ukaniuliza kuna nini. Nilimweleza, lakini mama hakuniamini sana. Alikuwa akizikata moja moja kabla ya kumpa mtoto vitu, akizitumbukiza kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Aliogopa kuzitupa, aliogopa na kuzitumia. Nikajua kazi yetu yote imeishia kabatini. Sikukwambia, maana ulikuwa umeshaanza kulala mchana kutwa.

Wakati ule ule ndipo uliponisimulia habari za mama mmoja wa kule Abido. Ulikuwa umelala ubavu, macho umefumba, nikadhani unaota. Ulisema kuna vipande vya udongo wa mhuri, vilivyogandamizwa kwenye mafundo ya kamba, na juu yake majina ya wafalme yanafuatana. Yule aliyeandikwa kwa kambare na patasi, ndiye Narmeri. Mwanawe baada yake. Yupo na aliyeandikwa kwa nyoka. Kila mmoja na kipanga wake, alama ya ufalme. Halafu anakuja mwanamke, Merneithi, hana kipanga, ana cheo: mama wa mfalme. Kaburi lake liko pale pale katikati ya wanaume, kubwa kama yao, hata waliolichimba mwanzo walidhani ni la mfalme mwanamume.

Nikauliza kama mwanawe alikuwa akimpenda.

"Udongo hausemi hayo," ulijibu. "Unasema jina lake lilitiwa humo, na mtu aliyetia alijua ni mama wa nani. Khalas."

Ulifariki asubuhi, Bibi. Hayo unayajua. Wanaume wakakuchukua, sisi wanawake tukabaki ndani na Kurani na kahawa. Suleiman aliporudi aliniambia kaburi lako lina jiwe tu, halina maandishi, kama ulivyotaka. Niliosha vikombe.

Suleiman ni mtu mwema. Alinitafutia kazi hii ya kusafisha vyumba, na kabla sijaanza akanikatia tiketi nikaone nyumbani. Nilifika Muheza na boksi moja. Riziki alikuwa amevaa viatu nilivyotuma. Alijificha nyuma ya mama yangu, akatoa jicho moja. "Shikamoo anti." Mama yangu aliona haya, akataka kumkemea. Nikamwambia mwache.

Sikumvuta wala sikumbeba. Nilikaa chini kwenye sakafu, nikakata utepe wa boksi, nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga. Gauni. Dawa ya meno. Biskuti za tende. Mkono ulishazoea, kila kimoja nilikuwa nimekifunga lebo yake, japo nilikuwa nimekibeba mwenyewe. Mtoto akatoka nyuma ya bibi yake. Akainama kwenye gauni, hakuligusa. Alishika lebo. Akaigeuza, akaniangalia, akaiangalia tena, kisha akakimbia chumbani.

Mama yangu akasema, "Umemtisha."

Akarudi na lile kopo la maziwa. Kumbe alishalishusha kabatini siku nyingi, ndicho kichezeo chake, mama hajui. Alilimwaga pale sakafuni na lebo zote zikatoka, kuku wote wa tangu boksi la kwanza, wengine wanja umefifia. Akachukua moja ya zamani, akaiweka ubavuni mwa ile mpya. Akahesabu miguu kwa kidole. Akaniuliza:

"Wewe ndiye mwenye kuku?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Wote?"

"Wote."

Akakaa chini karibu yangu. Hakunikumbatia. Alikaa tu, goti lake likagusa langu, tukaanza kuwapanga kuku kwa mstari. Mama yangu alikwenda jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Nilikaa nao mpaka likizo ikaisha. Sitakudanganya, hakuniita mama. Alikuwa ananiita Mwenye Kuku. "Mwenye Kuku, njoo uone." "Mwenye Kuku, mama anasema ugali umeiva." Alimwita mama yangu mama, na mimi nilipoondoka alilia kidogo kisha akaomba biskuti. Nilipanda ndege nikiwa sijui nimebeba nini, hasara au faida. Nilikufikiria wewe na nge wako: watu wenye elimu zao wamekaa miaka kubishana kama ni jina la mfalme au la shamba, na bado wanaamka asubuhi wanaendelea kuchimba.

Sasa nifike kwenye la leo.

Jirani yetu wa Muheza amekuja huku kununua nguo za duka lake. Asubuhi kanipigia nimfuate pale nje ya hoteli, ana kifurushi changu. Ni ubuyu. Mama huwa hatumi ubuyu, nikashangaa. Umefungwa kwenye mfuko, mfuko umefungwa kwa uzi, na kwenye uzi kuna kipande cha plastiki ya njano. Kimekatwa kwenye dumu la mafuta ya kula, pembe zake si sawa, tundu limetobolewa karibu lipasuke. Aliyekikata hana wanja, amepaka masizi ya sufuria. Yameniachia weusi kwenye vidole, utauona hapa kwenye karatasi.

Amechora kuku. Ana miguu mitatu, Bibi. Hakumponya.

Na chini ya tumbo la kuku kuna kingine kidogo, nusu kimetoka nje ya ukingo kwa kukosa nafasi. Jirani anasema mama yangu alidhani ni yai lililopasuka, mtoto akakasirika, akasema hamwoni kwamba ni yeye.

Nimekiangalia kwa mwanga wa dirisha la ngazi hizi. Kina mdomo, kina jicho. Kina miguu mitatu.

Mapumziko yanakwisha, supavaiza wangu ni Mkenya mmoja, hapendi kusubiri. Lebo ya nge nimeifunga kwenye chupa mpya ya bizari, iko juu ya rafu yangu kule chumbani tunakolala. Wenzangu wanauliza Nge ndiye nani, nawaambia. Nitaendelea kuwaambia, na Riziki akikua nitamwambia na yeye kwamba Nge ndiye yule mwanamke aliyetufundisha kutuma kitu kikafika. Na inshallah nikirudi Muheza moja kwa moja, boksi la mwisho nitalibeba kichwani mwenyewe, halitakuwa na lebo hata moja.

Lala salama, Mfalme Nge wangu. Ubuyu umefika.

Asha