Injini Niliyoipima kwa Sikio

Gereji, Jumanne

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa mwili, maana wa moyo najua si mzima, na sitajifanya sijui. Wapwa zangu hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole, au anangoja mpaka aoe? Sisi huku tunapumua. Mama watoto ana mafua yasiyoisha, na watoto wanakua mpaka viatu vinawakimbia. Mimi nami nawaambia watu sijambo, ila hilo nitalirekebisha humu humu kabla sijafika mwisho wa karatasi.

Barua yako niliipata wiki iliyopita, na nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Umenigombeza kwamba sipokei simu, na nikipokea najibu mambo ambayo hukuniuliza. Kisha ukaniuliza jambo moja tu: je, shemeji aliileta pikipiki kwangu kukaguliwa kabla ya ajali, au hakuileta? Umesema yeye mwenyewe anakiri hakuileta, aliahirisha na kuahirisha mpaka akasahau. Umesema mwanaume mwenye shemeji fundi, halafu akashindwa kumpelekea pikipiki hata mara moja, basi mguu wake ameukata kwa mkono wake. Tangu atoke hospitali unamwekea chakula na kuondoka, kwa kuogopa kutamka maneno yasiyorudi mdomoni. Na Jumamosi kaka yake anakuja kumchukua akauguzwe kwao, na wewe hutamzuia.

Nitakujibu, dada. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na jibu lenyewe kalamu itanishinda.

Injini ya pikipiki haifi ghafla kama watu wanavyodhani. Inaliwa. Oili unamwaga kila kilomita elfu mbili. Vali unazipima nafasi zake kila elfu nne. Ringi za pistoni na sahani za klachi zina adabu, zinajisema zenyewe: ukiona moshi wa bluu, au pikipiki inanguruma mlimani bila kwenda, huna haja ya kuuliza. Lakini kuna cheni ya taimingi, ile cheni ndogo iliyofungiwa ndani, inayofungua na kufunga vali kwa wakati wake. Hiyo inarefuka kidogo kidogo, kimya kimya. Ikifika kilomita elfu ishirini unafungua kifuniko, unatazama kikaza chake, kile kijiti chenye meno kinachoisukuma isilegee, kimetoka kiasi gani, na kama kimekwisha unabadilisha vyote viwili, hata kama injini inaimba kama kinanda. Bosi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema anayengoja cheni ipige kelele anangoja kuzika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye injini hata huo ukuta huupati.

Mimi nikajiona nimempita bosi. Nilikuwa nikiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini naugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nafumba macho, kisha natamka kwamba vali fulani imelegea. Wakiifungua wanaikuta imelegea kweli. Watu wakaacha kuniita fundi, wakaniita Sikio. Walitoka mitaa ya mbali kuja kunipa injini zao nizisikilize, na kichwa kikavimba. Nikaacha kuhesabu kilomita. Injini nikawa nafungua ile tu ambayo sikio limeniamuru, nyingine zote napitisha, na kwa miaka kumi na moja hakikutokea kitu.

Mwaka jana mama watoto alianza kulalamika kwamba birika linapiga filimbi nami nimekaa kando yake kama gogo. Nikamjibu nilikuwa nawaza. Mwisho akaniburuta hospitali. Waliniingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, wakanivisha vidude vya kusikilizia, wakanipa kitufe nibonyeze kila nisikiapo mlio. Milio ya kwanza ilikuwa minene, nikabonyeza. Kisha nikakaa nikingoja mhudumu aendelee. Nilipomwona yule mhudumu anakunja waya zake nikamuuliza mbona ameacha. Akanijibu kwa upole kwamba amemaliza zamani, milio yote myembamba imenipita. Alisema ni makelele ya injini ya miaka yote hiyo, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Karatasi ya majibu niliikunja nikaisukumia chini ya boksi la gaskiti, na mama watoto nikamdanganya kwamba ilikuwa nta tu, wameitoa. Sauti yako, dada, ni nyembamba tangu utotoni. Kwenye simu inanifikia kama upepo wa dirishani, maneno siyapati. Ndiyo maana sipokei.

Hiyo ilikuwa miezi miwili kabla ya ajali. Sasa jibu lako ni hili: shemeji aliileta pikipiki.

Aliileta Jumatatu asubuhi kabla hajaenda kuchukua mikate ya kusambaza madukani. Mita ilisoma elfu ishirini na mia mbili, niliiona kwa macho yangu ambayo hayana ugonjwa. Alinieleza kwamba akiiwasha ikiwa ya baridi kuna kitu kinatatarika ndani kama njugu kwenye kopo, na injini ikishapata moto kinanyamaza. Hakuna fundi ambaye angeieleza cheni iliyolegea vizuri kuliko hivyo. Akaniomba niifungue, akasema yuko radhi siku hiyo asambaze mikate kwa miguu. Waendesha pikipiki wanne walikuwa kwenye benchi langu, wakamcheka, wakamwambia aache kumfundisha Sikio kazi. Nikaweka bisibisi, nikafumba macho. Nilisikia mngurumo tu, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Hizo njugu sikuzisikia, na nilijua kwa nini sizisikii.

Kilomita zilikuwa zimefika. Hiyo peke yake ilitosha kuifungua. Lakini kufungua injini kwa kelele ambayo Sikio hakuisikia, mbele ya wale wanne, niliona ni sawa na kuvuliwa nguo njiani. Nikafumbua macho nikamtania shemeji, nikamwambia njugu ziko kichwani mwake, injini iko salama, airudishe ikifika elfu ishirini na tano. Wakacheka wote. Yeye pia akacheka, akawasha, akaenda zake.

Siku ya tisa cheni ilikatika akiwa mteremkoni. Vali zikagonga pistoni, injini ikakwama, gurudumu la nyuma likagoma, akarushwa mbele ya lori. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Pikipiki ilipoletwa niliifungua peke yangu, mlango nimeufunga. Kikaza kilikuwa kimetoka mpaka jino la mwisho. Ningekiona kwa kazi ya nusu saa.

Siku ya tatu nilipiga moyo konde nikaenda hospitali, nimwambie yeye kwanza kisha wewe. Nilimkuta ameamka. Sijakaa, akaniashiria nisogee, nami nikamtazama midomo nisikose neno. Akaniambia amekwisha kukueleza kwamba hakuileta. Alisema wewe huna ndugu mwingine ila mimi, umenilea tangu mama alipotutoka, na mguu uliokatwa hauoti kwa kukupokonya na ndugu. Nirudi kazini, na nisimwambie mtu. Nilipaswa kukataa. Nilimshika mkono nikalia, na nilipomaliza kulia nikamshukuru. Ndiyo, dada, nilimshukuru. Miezi mitatu nimekula na kulala kwa shukrani hiyo, huku wewe ukimnunia mtu kwa kosa langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mimi nilificha yangu na kifo kikaenda kubisha kwake. Nimejichukia mpaka nimechoka kujichukia. Na hata yeye habari za masikio yangu hana. Anadhani nilikosea tu kama binadamu.

Tangu barua yako ifike nimefunga gereji. Nimeandika orodha ya injini nilizozipitisha kwa sikio mwaka huu, nazifuata moja moja, namwambia kila mwenyewe sababu, hata wale wanne wa kwenye benchi. Mmoja alinitukana, mwingine aliisukuma pikipiki yake mpaka kwa fundi mwingine, na huyo ndiye aliyeniuma. Saba bado sijawapata. Kila ninapoona watu wamekusanyika barabarani najipenyeza nitazame kama ni pikipiki.

Barua hii nitampa dereva wa basi mkononi, ameniahidi itakufikia Alhamisi, kabla kaka yake shemeji hajafika. Ukimaliza kuisoma, mpelekee naye aisome. Nilianza kuandika kwamba nakuomba umsamehe, kisha nikafuta, maana yeye hana kosa la kusamehewa. Ni wewe unayepaswa kumwomba radhi, na aliyekutia katika deni hilo ni mimi. Mwombe kwanza. Mimi nitangoja nyuma yake, hata kama zamu yangu haitafika.

Wasalimie wapwa zangu mmoja mmoja kwa majina yao. Mama watoto anakusalimu. Haya yote nimemsomea yeye kwanza, na nilipomaliza alichukua mto wake akaenda kulala chumba cha watoto.

Wako,
mdogo wako uliyemlea